Kujitengenezea difu ya kati kwa lori la rimoti

Malori mengi ya rimoti yanayoendeshwa na magurudumu yote manne hayana difu ya kati, yaani kasha la gia linaloruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Mota huzungusha gia kuu, gia kuu imekaa kwenye klachi ya kuteleza, na klachi hiyo hugawa nguvu mbele na nyuma kupitia shafti zilizofungwa pamoja. Mbele na nyuma huzunguka sawasawa, zitake zisitake. Kwenye mchanga hutaona tatizo. Kwenye ardhi kavu yenye mshiko ndipo mambo hubadilika: lori likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na kwa kuwa shafti haziruhusu tofauti yoyote, matairi hulazimika kuburuzika. Yanaisha upesi, mota inapata moto, lori linagoma kugeuka. Tena ukivuta kifyatulio chote cha rimoti kwa ghafla, pua inanyanyuka na lori linalala chali.

Difu ikikaa pale katikati, kila upande unapata uhuru wa kuzunguka kwa kasi yake. Pua ikianza kunyanyuka, magurudumu ya mbele yanabaki bila mzigo, mzunguko unakimbilia huko, msukumo wa nyuma unapungua, na pua inarudi chini yenyewe. Wengi huitafuta difu ya kati kwa sababu hiyo moja tu, na inatosha.

Kama lori lako ni la kupanda miamba taratibu, achana na mpango huu. Huko unataka magurudumu yote manne yavute kwa pamoja hata matatu yakiwa hewani, na difu ya kati itapeleka mzunguko wote kwenye gurudumu lisiloshika kitu. Lori la kurukaruka, la kukimbia au la mashindano ya njia ya vumbi ndilo linalofaa.

Gia nunua, kitako tengeneza

Kazi hii si ya kuchonga gia. Meno ya gia za pembe zilizo ndani ya difu hayachongwi kwa tupa, na yakichapwa kwa printa ya nyumbani hayadumu. Nunua kasha la difu na gia zake, ziwe za chuma, zenye spaida (gia ndogo za ndani ya difu) nne badala ya mbili. Utakachotengeneza mwenyewe ni kitako: vishikilio vinavyobeba beringi za difu na kuishika mota mahali pake. Hapo ndipo penye kufaulu au kuharibika. Difu ya bei juu kwenye kitako kilichokwenda upande kwa nusu milimita itakula meno, ilhali difu ya kawaida kwenye kitako kilichonyooka itafanya kazi muda mrefu bila kulalamika.

Difu ya aina ileile iliyo nyuma ya lori lako ni mahali pazuri pa kuanzia. Watengenezaji wengi hutumia kasha lilelile kwa difu zote: unatoa krauni, ile gia kubwa ya ekseli, na mahali pake unafunga gia kuu kwa skrubu zilezile nne. Utajiuliza kama itahimili. Itahimili, na hesabu yake ni fupi. Chukua lori ambalo ekseli yake ina krauni ya meno 43 na pinioni (gia ndogo inayoisukuma) ya meno 11. Hapo nguvu ya kuzungusha inazidishwa karibu mara 3.9 kabla ya kufika magurudumuni. Difu ya kati inakaa kabla ya uzidishaji huo. Kwa hiyo, ingawa inabeba kazi ya ekseli zote mbili, nguvu inayopita ndani yake ni kama nusu tu ya ile ambayo difu ya kila ekseli hubeba.

Kinachoitesa difu ya kati ni kasi. Mota ya KV 2,000 (mizunguko 2,000 kwa dakika kwa kila volti) kwenye betri ya volti 14.8, bila mzigo, inafika mizunguko 29,600 kwa dakika. Pinioni ya meno 14 ikisukuma gia kuu ya meno 46, kasha la difu linazunguka mara 9,000 hivi kwa dakika. Na kwa kuwa kasi ya kasha siku zote ni wastani wa kasi za pande zake mbili, upande mmoja ukisimama kabisa, ule mwingine unafika 18,000. Kwa kasi hiyo hata kosa la sehemu ndogo ya milimita linasikika.

Ndiyo maana namna ya kufunga gia kuu kwenye kasha ni jambo la kwanza la kuangalia. Kinachoiweka gia katikati ni tundu lake la kati kukaa barabara kwenye ukingo wa kasha. Skrubu kazi yake ni kubana tu. Tundu likiwa kubwa kuliko ukingo, gia itakaa upande hata skrubu zikibanwa namna gani. Ikiwa gia uliyopata haina tundu linalolingana, chongesha pete ya kujazia kwenye mashine ya kukerezea, ikae bila kucheza. Usitegemee kupanua matundu ya skrubu na kukisia kwa jicho.

Kupima

Hapa unahitaji kalipa ya dijiti, karatasi na subira. Toa klachi ya kuteleza na kila kilichoishika, kisha pima vitu vitatu.

Kwanza, urefu wa mhimili: kutoka sakafu ya chasisi hadi katikati ya vikombe vinavyopokea shafti kwenye ekseli ya mbele na ya nyuma. Mara nyingi urefu huo haulingani mbele na nyuma, basi difu iweke kwenye kimo kitakachoziacha shafti zote mbili na pembe ndogo. Shafti yenye pini kwenye vichwa vyake haizunguki kwa kasi iliyo sawa ikiwa imepinda. Kadiri pembe inavyokua ndivyo inavyotetemeka.

Pili, nafasi ya kutoka kikombe hadi kikombe. Pima difu uliyonunua kutoka ncha moja hadi nyingine, ulinganishe na nafasi uliyonayo ukitoa urefu wa shafti. Ziachie shafti nafasi ya kusogea milimita 1 hadi 2 kwa urefu, kwa sababu chasisi hujikunja lori likitua kutoka juu. Shafti isipokuwa na pa kwenda, itasukuma beringi za difu.

Tatu, umbali kati ya mhimili wa mota na mhimili wa difu. Huu haupimwi kwenye lori, unahesabiwa: jumlisha meno ya pinioni na ya gia kuu, zidisha kwa moduli (kipimo cha ukubwa wa jino kwa milimita), gawa kwa mbili. Kwa moduli 1, meno 46 na 14, jibu ni milimita 30. Ukibadilisha pinioni kwa jino moja, umbali unabadilika nusu milimita. Kwa hiyo ukitaka kuweza kutumia pinioni za meno 12 hadi 16, matundu ya mota yawe mfereji wa milimita 2 na zaidi kidogo. Hakikisha pinioni na gia kuu ni za moduli moja. Zile zinazohesabiwa meno 32 kwa kila inchi ya kipenyo ni sawa na moduli 0.79, karibu kabisa na 0.8, na watu huzichanganya bila madhara makubwa. Mimi bado napenda zilingane. Moduli 1 na 0.8 hazipatani kabisa.

Kabla ya kuchora chochote, weka difu kwenye chasisi kwa mkono, izungushe, tazama gia kuu itagusa nini. Betri? Nyaya za kidhibiti mwendo? Kugeuza difu ili gia kuu ikae upande wa mbele au wa nyuma hakubadilishi mwelekeo wa mzunguko, hivyo chagua upande wowote utakaoipa mota nafasi.

Kitako

Kitako kina vishikilio viwili, kimoja kila upande wa difu, kila kimoja na shimo la kukalia beringi. Beringi za difu za malori ya kipimo cha moja kwa nane (sehemu ya nane ya ukubwa wa gari halisi) mara nyingi ni za milimita 8 kwa 16 kwa 5, lakini pima zako. Kosa la wengi ni kutengeneza vishikilio vya difu peke yake na cha mota peke yake, kila kimoja kikifungwa kwenye chasisi kivyake. Gia mbili zinaposukumana hujitenga pia: kwa meno yenye pembe ya msukumo ya nyuzi 20, ambayo ndiyo ya kawaida, nguvu ya kuzitenga ni kama asilimia 36 ya nguvu ya kusukuma. Chasisi ya plastiki ikijikunja kidogo, meno yanaachana na kurukana. Kishikilio cha difu kilicho upande wa gia kuu kiwe kipande kimoja na sahani ya mota, au vifungwe pamoja kwa boliti, na juu upitishe kipande cha kuunganisha vishikilio vyote viwili. Hapo chasisi ikijikunja, mota na difu zinakwenda pamoja.

Alumini iliyochongwa kwa mashine ni bora. Ukichapa kwa printa ya 3D, tumia naironi. PETG, plastiki nyingine ya printa, inakubalika kwa mota ndogo. PLA, plastiki ya printa iliyozoeleka, isahau: inalegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na mota inafika huko bila taabu. Laza kipande ili shimo la beringi litazame juu wakati wa kuchapa; tabaka zitalizunguka shimo kama pete na hazitachanika kwa msukumo wa gia. Ila ukifanya hivyo, skrubu za kutoka chini ya chasisi zitaingia sambamba na tabaka na zinaweza kuzipasua. Dawa yake ni kuacha tundu la pembe sita ubavuni, utumbukize nati, skrubu ishike nati badala ya plastiki.

Mashimo ya printa hutoka madogo kuliko yalivyochorwa. Chapa kwanza pete tupu yenye shimo la beringi, ijaribu, rekebisha mchoro, ndipo uchape kitako chenyewe. Beringi iingie kwa kusukumwa na kidole gumba kwa nguvu kidogo. Ikihitaji nyundo, shimo linaibana na itazunguka kwa shida; ikidondoka yenyewe, difu itacheza.

Ili mashimo mawili yanyooke, vifunge vishikilio kwenye chasisi huku fimbo iliyonyooka ya milimita 8 ikiwa imepita kwenye beringi zote mbili. Kaza skrubu kidogokidogo ukizungusha fimbo. Ikianza kuwa ngumu, kishikilio kimoja kimekaa upande; weka washa (pete bapa ya chuma) nyembamba chini yake mpaka fimbo izunguke kwa wepesi hata skrubu zote zikiwa zimekazwa.

Kuifunga difu

Safisha kila kitu, hata kama ni kipya. Mafuta ya kiwandani yakibaki yatachanganyika na oili yako. Paka oringi (pete ya mpira ya kuzuia oili) grisi ya silikoni, iingize mahali pake, kisha weka washa, kisha ingiza mhimili wa kikombe kutoka nje, pini, na gia ya pembeni, ile inayozungusha kikombe. Kabla ya kuweka spaida, vuta na sukuma kikombe. Mchezo wa urefu uwe wa kuhisika tu kwa vidole, sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Ukizidi, ongeza washa nyuma ya gia ya pembeni.

Panga msalaba unaobeba spaida pamoja na spaida zenyewe, kisha funga kasha bila oili ujaribu. Shika kasha, zungusha kikombe kimoja: cha pili kizunguke kinyume, kwa kasi ileile, bila kukwaruza. Kikikaza sehemu moja katika kila mzunguko, kuna washa iliyozidi au pini haijakaa vizuri kwenye mfereji wake. Usijifariji kwamba italainika yenyewe, fungua.

Ndipo uweke oili. Mimina mpaka ifunike spaida na msalaba kwa shida, usijaze hadi ukingoni. Oili ya silikoni hupanuka kama asilimia 5 hadi 6 joto lake likipanda kwa nyuzi 60, na isipokuwa na hewa ya kuibana itapita kwenye oringi. Zungusha vikombe taratibu, acha mapovu yapande. Oili nzito inaweza kuhitaji saa nzima au zaidi, na hakuna njia ya mkato niliyoiona ikisaidia. Pima kasha kwenye mizani kabla na baada ya kuweka oili, andika gramu. Siku nyingine ukibadilisha, utaweka kiasi kilekile, la sivyo hutajua kama lori limebadilika kwa sababu ya oili au kwa sababu ya ujazo.

Weka gasketi, kaza skrubu kwa mtindo wa msalaba, kila moja kidogo. Skrubu zinazoingia kwenye chuma zipake gundi ya kuzuia skrubu kulegea, ya nguvu ya kati. Zinazoingia kwenye plastiki usizipake, baadhi ya gundi hizo huipasua plastiki.

Oili gani?

Tumia oili ya silikoni ya difu peke yake. Oili ya injini haina mnato unaotakiwa na inaweza kuharibu oringi. Namba kwenye chupa ni mnato wake kwa sentistoki: kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo oili inavyokuwa nzito na ndivyo difu inavyogoma kuachia upande mmoja ukimbie peke yake.

Usinakili namba za difu za ekseli. Difu ya kati inazunguka kwa kasi kubwa zaidi, kwa hiyo tofauti ndogo ya kasi kwenye magurudumu ya mbele na ya nyuma inakuwa tofauti kubwa ndani yake; na ukinzani unaotokea humo unazidishwa tena na krauni kabla ya kufika chini. Kwa uwiano wa 3.9, kipimo hicho kinajizidisha chenyewe, karibu mara 15. Oili ya silikoni hupungua mnato ikisukumwa kwa kasi kubwa, hivyo usiichukue 15 kama sheria, lakini inaonyesha kwa nini kubadilisha oili ya kati kunasikika kuliko kubadilisha ya mbele au ya nyuma.

Kwa lori la kipimo cha moja kwa nane kwenye njia ya vumbi, anza na 10,000. Kwa lori zito la kurukaruka lenye mota kali, anza na 100,000. Kati ya hapo, jaribio ni moja: kutoka kusimama, vuta kifyatulio chote na utazame matairi ya mbele. Yakivimba na kupiga kelele huku lori likisogea kivivu, oili ni nyepesi mno. Pua ikinyanyuka kama zamani, ni nzito mno. Ruka hatua kubwa unapobadilisha, kutoka 10,000 hadi 30,000, kutoka 30,000 hadi 100,000. Hatua ndogo hutaziona. Nyepesi humsaidia dereva kwenye njia yenye matuta, nzito inavuta vizuri kwenye njia laini yenye mshiko lakini lori linakuwa na wasiwasi mkononi.

Angalia breki pia. Lori la mota hufunga breki kwa kupitia difu hiyohiyo. Ukifunga ghafla uzito unakwenda mbele, magurudumu ya nyuma yanakosa mshiko, na kwa oili nyepesi yanaweza kusimama au hata kuzunguka kinyumenyume ilhali ya mbele bado yanakwenda. Punguza breki kwenye kidhibiti mwendo kabla hujaongeza uzito wa oili.

Kuiweka kwenye lori

Weka difu kwenye kitako, shafti mahali pake, funga kila kitu isipokuwa mota. Sukuma lori kwa mkono. Lazima litiririke bila kukwama. Sasa sogeza mota, ukiweka ukanda wa karatasi ya kawaida kati ya pinioni na gia kuu, bana, kaza skrubu za mota, zungusha karatasi itoke. Itoke na alama za meno bila kuchanika. Zungusha gia kuu duru nzima ukitikisa pinioni kidogo kila mahali. Ikibana sehemu moja na kulegea upande wa pili, gia haiko katikati, rudi kwenye tundu lake na ukingo wa kasha.

Kwa kuwa klachi ya kuteleza haipo tena, hakuna cha kuteleza unapovuta kifyatulio kwa nguvu au lori linapotua magurudumu yakiwa yanazunguka. Difu inapunguza mshtuko, haiuondoi. Shusha nguvu ya kuanzia kwenye kidhibiti mwendo, na achia kifyatulio kabla ya kutua. Kinachovunja zaidi krauni za ekseli ni kutua ukiwa umevuta kifyatulio.

Betri ya kwanza iendeshe kwa nusu mwendo. Ikiisha, gusa kasha la difu: uvuguvugu ni kawaida, ukishindwa kuweka kidole kuna kinachobana. Kaza upya skrubu za kitako, hasa zilizo kwenye plastiki, maana hulegea baada ya joto la kwanza. Kisha futa difu kwa kitambaa kikavu na lilaze lori kwa ubavu juu ya karatasi nyeupe usiku kucha, asubuhi uligeuze ubavu wa pili. Doa likitokea upande wa kikombe, huenda oringi imekatwa wakati wa kuingiza mhimili. Likitokea upande wa gia kuu, fungua ubadilishe gasketi na ukaze upya kwa msalaba.